NYAYO ZA LAETOLI: Namna alama za miguu zinatuonyesha inchi ya zamani



Katika somo la biolojia sisi wote tunasikia habari za mifupa iliyogeuka jiwe. Lakini wadogo wa kalasi za chini wameniuliza mara nyingi: "Yaya Kapita, mfupa ni kitu kigumu, tunakubali kwamba unaweza kugeuka jiwe. Lakini unyayo nao? Unyayo si kitu, ni shimo tu. Shimo linaweza kudumu namna gani?" Ulizo hilo ni zuri, na jibu lake halitoshi kusemwa kwa dakika mbili mbele ya dortuari. Kwa hiyo nimeandika somo hili. Mfano wetu utakuwa pahali pamoja tu, Laetoli, katika inchi ya Tanzania. Afazali kujua pahali pamoja vizuri kuliko kupita mbio mahali kumi.

Neno kubwa la somo ndilo hili: unyayo hausemi uongo, lakini msomaji wa nyayo anaweza kukosa. Mulishike mpaka mwisho.

I. MFUPA NA UNYAYO SI KITU KIMOJA

Ngombe akikufa leo karibu na mto, mifupa yake haikai yote pale alipoanguka. Mbwa anabeba mguu, maji ya mvua yanasukuma kichwa, watoto wanacheza na pembe. Baada ya miaka mtu anaokota ule mfupa chini katika bonde, anasema: "Huyu ngombe aliishi hapa." Kumbe alikuwa akilishwa juu ya mlima! Mfupa unasafiri. Tena mfupa unatuambia zaidi habari ya kifo.

Unyayo hausafiri. Pale unapouona ndipo mguu ulipokanyaga, si kando, si mbali. Na mwenye kuuacha hakuwa mfu, alikuwa mzima, akitembea, akikimbia, akisimama, akimfuata mama yake. Mfupa unaweza kutuambia mnyama alikuwa na miguu ya namna gani. Unyayo unatuambia alifanya nini na ile miguu, siku fulani, juu ya udongo fulani. Na ule udongo wenyewe unasema pia: ulikuwa umelowana ao ulikuwa mkavu, mvua ilinyesha ao haikunyesha. Ndiyo sababu nyayo zinatufundisha si habari za wanyama tu, lakini habari za inchi yenyewe ilivyokuwa.

Basi, kwa nini nyayo za zamani ni haba hivi? Tazameni kiwanja chetu cha mpira. Kila siku nyayo mamia zinaandikwa pale, na jioni hakuna hata moja. Ili unyayo udumu inafaa mambo mane yafuatane bila kukosa:

1. Udongo uwe laini, lakini si laini mno. Katika potopoto ya maji mengi shimo linajifunga lenyewe. Katika udongo mkavu mguu hauandiki kitu.
2. Udongo ukauke na kuwa mgumu mbele mvua kubwa haijaufuta.
3. Kitu kingine kije kuufunika upesi: mchanga, matope, ao majivu.
4. Baada ya miaka mingi sana maji ao upepo uondoe kile kifuniko pole pole, na mtu mwenye macho apite pale mbele ule unyayo nao haujaharibika.

Likikosa jambo moja tu, hakuna kitu. Kule Laetoli yote mane yalipatikana.

II. LAETOLI IKO WAPI, NA NANI ALIONA

Laetoli iko upande wa kaskazini wa Tanzania, katika eneo la hifazi ya Ngorongoro, kilometre karibu 45 kusini ya lile bonde linalojulikana sana, Olduvai. Leo ni inchi ya Wamasai, ya majani na ya miti yenye miiba.

Bibi Mary Leakey, mtaalamu wa mambo ya kale, alianza kazi kubwa pale katika miaka ya 1970. Mwaka 1974 walikuwa wamekwisha kupata taya na meno ya viumbe wa zamani wanaotembea kwa miguu miwili. Lakini nyayo zenyewe zilikuwa chini ya miguu yao siku zote, na hakuna aliyeziona! Mwaka 1976 wageni walikuja kutembelea kambi. Jioni moja, wakirudi, wakaanza kutupiana mavi makavu ya tembo kwa mchezo. Mmoja wao, Andrew Hill, alianguka chini akikwepa, na pale chini, uso karibu na jiwe, akaona vishimo vidogo vidogo. Vilikuwa alama za matone ya mvua, na pamoja navyo nyayo za wanyama. Watu waliopita pale mbele yake walikuwa na macho sawasawa na yake. Walitazama mbali tu.

Kutoka siku ile walitafuta kwa makusudi. Mwaka 1978 Paul Abell, mwalimu wa kemia, aliona kisigino kilichofanana sana na kisigino cha mtu. Mfanyakazi wa kuchimbua, Ndibo Mbuika, akaendelea kufunua, na nyayo zaidi zikatokea. Katika miaka 1978 na 1979 walifunua mstari wa nyayo wa urefu wa metre karibu 27, wenye nyayo karibu 70. Pahali pale panaitwa Site G. Katika Laetoli nzima, nyayo za wanyama zilizohesabiwa zinapita 18 000.

III. NAMNA MAJIVU YALIVYOGEUKA JIWE

Wenzetu wa Goma, Rutshuru na Masisi hawahitaji kufasiriwa sana majivu ya volkano. Wanajua namna yanavyoanguka juu ya manioki na maharagi, na namna yanavyoharibu maji ya kunywa. Basi fikirini jambo kama lile, lakini miaka milioni 3,66 iliyopita.

Volkano moja, ambayo wataalamu wengi wanahesabu kuwa Sadiman, kilometre karibu 20 upande wa mashariki, ilitupa majivu hewani. Haikuyatupa yote mara moja. Ilitupa kidogo, ikapumzika, ikatupa tena, kwa siku ao juma chache. Majivu yakaanguka juu ya inchi kama unga juu ya meza. Tabaka yote pamoja ina unene wa santimetre karibu 15 tu, na ndani yake munahesabika tabaka nyingi nyembamba, moja juu ya ingine, kama kurasa za kaye.

Majivu yale yalikuwa na madini ya namna ya chokaa. Mvua ndogo iliponyesha, yalilowana. Jua lilipowaka, yalishikana kama simenti. Nani asiyejua kazi ya simenti? Ukikanyaga sakafu mpya mbele haijakauka, mguu wako utaonekana mpaka nyumba ianguke. Kisha majivu mengine yakaja juu na kufunika nyayo. Wataalamu walikwenda pia kutazama volkano ingine ya kule kule Tanzania, Oldoinyo Lengai, ambayo katika wakati wetu imetupa majivu yenye madini ya namna hii. Hivi walifahamu kazi iliyofanyika Laetoli. Hii ni kanuni ya jeolojia: jambo la zamani tunalifahamu kwa kutazama vizuri jambo la leo.

IV. KUSOMA INCHI

Sasa tusome kurasa zile. Nyayo zinatuambia nini juu ya inchi ya Laetoli?

a) Majira ya mwaka. Katika tabaka za chini kuna alama za matone ya mvua zinazoonekana wazi. Kama mvua ingekuwa kubwa, alama zingefutwa zote. Basi zilikuwa mvua ndogo, kama zile zinazotangulia mwisho wa kiangazi. Katika tabaka za juu mambo yanageuka: maji yamepita kwa nguvu, yamechimba na kusukuma majivu. Hivi wataalamu walifahamu kwamba tabaka za chini zilianguka mwisho wa kiangazi, na za juu wakati mvua kubwa ilipokwisha kuanza. Tazameni: si mwaka tu, hata majira tunayajua!

b) Wakaaji wadogo. Nyayo nyingi ni za wanyama wadogo: sungura, kanga, na digidigi, yule swala mdogo sana asiyepita urefu wa goti la mtu. Wanyama hawa hawasafiri mbali. Digidigi anapenda vichaka vya kujifichia, tena anaweza kuvumilia inchi kavu. Basi inchi ile haikuwa jangwa, wala msitu mzito kama wa Ituri. Ilikuwa inchi ya majani, ya vichaka na ya miti iliyotawanyika.

c) Wasafiri wakubwa. Kuna nyayo za tembo, za kifaru, za twiga, za fisi, za nyani. Katika tabaka za juu wanyama wakubwa wanazidi, sawasawa na leo katika Serengeti, wanyama wanapofuata majani mapya wakati mvua inapoanza.

d) Mnyama asiyekuwapo tena. Kuna farasi mmoja aliyeitwa Hipariyoni, mwenye vidole vitatu kwa kila mguu. Leo hakuna tena duniani. Kule Site G kuna nyayo za jike na za mtoto wake. Mwaka 1984 mtaalamu mmoja, Elise Renders, alipima utaratibu wa hatua zao akaonyesha namna walivyotembea: mwendo wa haraka usio mbio, ambao farasi fulani wa leo bado wanauweza. Mfupa gani ungetuambia hayo?

e) Aliyekosekana. Hili ndilo fundisho ninalolipenda zaidi. Katika Laetoli ya wakati ule hakuna kiboko, hakuna mamba. Kama kungekuwa ziwa ao mto mkubwa karibu, tungewapata. Basi inchi ilikuwa bila maji makubwa ya kudumu. Msomaji mzuri hasomi tu kilichoandikwa. Anatazama pia kilichokosekana. Lakini angalieni: kukosa kitu mara moja si ushuhuda. Walitafuta miaka mingi, mahali pengi, kati ya mifupa na kati ya nyayo, ndipo wakasema hivyo.

V. WALE WALIOTEMBEA KWA MIGUU MIWILI

Katika Site G kuna mistari miwili ya nyayo inayokwenda pamoja upande wa kaskazini. Mstari mmoja ni wa miguu midogo, yenye urefu wa santimetre karibu 18. Mstari wa pili ni wa miguu mikubwa zaidi, lakini ulisumbua wapimaji kwa sababu ukingo wa nyayo haukuwa safi. Kisha walifahamu: watu wawili walipita mstari ule, na wa nyuma alikuwa akikanyaga ndani ya nyayo za wa mbele. Kila mtu wa kijiji anajua jambo hili. Njia ikiwa ya utelezi, tunakanyaga pale aliyetangulia alipokanyaga. Basi walikuwa watatu.

Hapa inchi yetu inatusaidia kusoma. Katika mlima Kahuzi kuna sokwe wakubwa, magorila. Gorila akitembea kwa kawaida anakanyaga kwa miguu ya nyuma na kujitegemeza mbele juu ya vifundo vya vidole vya mikono. Njia yake ina alama nne: miguu miwili na mikono miwili. Tena kidole kikubwa cha mguu wake kinatengana na vingine, kama gumba la mkono, kwa ajili ya kushika miti. Sasa tazameni Laetoli. Hakuna alama ya mikono hata moja katika metre 27. Kidole kikubwa kinafuatana na vingine, karibu sawa na chetu. Kisigino kimeshuka kwa nguvu kwanza, kisha uzito umepita mpaka vidole. Hii ni hatua ya mwenye kutembea wima.

Wataalamu wengi wanahesabu kwamba viumbe hawa walikuwa wale wanaoitwa Australopithecus afarensis. Ubongo wao ulikuwa mdogo, karibu na wa sokwe. Tena katika tabaka zile hakuna chombo cha jiwe. Vyombo vya mawe vya kale kuliko vyote vinavyojulikana, vya Lomekwi katika Kenya, ni vya miaka milioni 3,3 iliyopita. Zamani watu wengi wa elimu walifikiri kwamba akili kubwa ilitangulia, na kutembea wima kukafuata. Nyayo za Laetoli zilisaidia kugeuza mawazo yale: miguu ilitangulia kichwa kwa muda mrefu sana.

Habari haikuishia pale. Mwaka 2014, walipochunguza ardhi ili kujenga nyumba ya makumbusho, wataalamu wa Tanzania walipata nyayo zingine, metre karibu 150 kusini ya Site G, katika tabaka ile ile na upande ule ule wa safari. Fidelis Masao, Elgidius Ichumbaki na wenzao waliandika habari hiyo mwaka 2016. Mmoja wa wasafiri wale walimhesabia urefu wa santimetre karibu 165, mrefu kuliko wote wa Site G. Labda kikundi kilikuwa kikubwa kuliko tulivyofikiri.

VI. HABARI YA "DUBU"

Sasa nageukia neno letu kubwa: msomaji anaweza kukosa.

Mwaka ule ule wa 1976, mbele ya Site G haijajulikana, walikuta pahali pengine, Site A, nyayo tano zinazofuatana. Zilikuwa fupi na pana, na mguu mmoja ulivuka mbele ya mwingine, kama mtu anayepita juu ya kamba. Si hatua ya kawaida. Mtaalamu mmoja akasema: labda ni dubu aliyesimama juu ya miguu ya nyuma. (Dubu ni mnyama mkubwa wa manyoya, zamani walikuwa pia katika Afrika.) Kisha Site G ikaonekana, nzuri na safi, na ulimwengu wote ukakimbilia kule. Site A ikasahauliwa miaka zaidi ya 40.

Mwaka 2019 kikundi cha watu wa Tanzania na Marekani kilirudi, kikafunua tena zile nyayo tano na kuzipima. Kisha walikwenda kutazama dubu wenyewe, saa nyingi, namna wanavyotembea. Waliona kwamba dubu anasimama juu ya miguu miwili mara haba sana. Tena kati ya mifupa mingi iliyokusanywa Laetoli hakuna ya dubu. Mwisho wa mwaka 2021 waliandika kwamba nyayo zile ni za kiumbe wa ukoo wa watu, lakini mwenye mguu na hatua tofauti na wale wa Site G. Kama ni hivyo, namna mbili za viumbe wa miguu miwili zilipita katika inchi moja, wakati karibu mmoja. Wataalamu wengine wanasema nyayo tano ni chache, tungoje zaidi. Na ni haki yao kusema hivyo.

Ndugu, angalieni vizuri. Nyayo zile tano hazikubadilika toka 1976 mpaka 2021. Aliyebadilika ni msomaji. Wa kwanza hakuwa mjinga wala mwongo. Alijibu kwa vipimo alivyokuwa navyo. Aliyekuja nyuma hakumtukana, alipima upya. Hii ndiyo adabu ya elimu. Ni tofauti na mabishano yetu ya jioni, ambapo mwenye sauti kubwa ndiye mwenye kushinda.

VII. WAZEE WETU NAO WALISOMA

Kuna wanafunzi wanaofikiri kwamba kusoma ni karatasi tu, na mzee asiyejua herufi ni mtu asiyejua kitu. Hapana! Mwindaji wa msituni anatazama unyayo wa nguruwe, anasema: "Amepita mbele ya mvua, ni jike, anachechemea mguu wa kushoto." Amejua namna gani? Ameona matone ya mvua juu ya unyayo, si chini yake. Ameona hatua moja fupi kuliko zingine. Hii ni njia ile ile ya Laetoli: kutazama, kulinganisha, ndipo kusema.

Katika hifazi ya Kahuzi-Biega, Wambuti na Watwa wanaojua msitu ndio walioongoza watu wa elimu na watalii kuwafikia magorila, kwa kufuata majani yaliyovunjika, malalo ya usiku na alama za miguu. Diploma yao ilikuwa machoni. Basi wakati wa likizo, mwenye babu mwindaji amwombe kwa heshima amfundishe. Akichelewa, ile kaye itafungwa, na hakuna majivu ya kuihifazi.

VIII. MIAKA MINGI HIVI, INAPIMWA NAMNA GANI?

Katika majivu ya volkano kuna vipande vidogo vya madini vyenye potasiamu. Sehemu ndogo ya potasiamu ile inageuka polepole sana kuwa gazi inayoitwa argoni. Wakati madini yangali moto sana ndani ya volkano, gazi inatoroka. Yakipoa, gazi inafungwa ndani. Kutoka saa ile inaongezeka kwa kadiri moja, haikimbii wala haichelewi. Mwenye kupima potasiamu iliyobaki na argoni iliyozaliwa anapata miaka. Ni kama pipa tupu chini ya bomba linalotonatona: ukijua matone ya saa moja, na ukipima maji katika pipa, utajua bomba lilianza lini.

Najua katika shule yetu wengine wanafazaika wakisikia hesabu ya mamilioni. Wengine nao wanaifurahia ili wapate kuwacheka wenye kusali. Mimi ni mwanafunzi tu, siwezi kumaliza jambo ambalo wakubwa bado wanalizungumza. Nasema tu maneno mawili. La kwanza: kipimo cha jiwe kinajibiwa na kipimo, hakijibiwi na hasira. La pili: jiwe linasema "lini" na "namna gani", halijatamka neno juu ya "kwa kusudi gani". Mwenye imani asiogope kupima, na mwenye kupima asijivune. Tunaweza kukaa bweti moja na kuchunguza pamoja.

IX. KUFUNUA NA KUFUNIKA

Kumbukeni jambo la nne katika sehemu ya I: maji yale yale yanayofunua nyayo yanaziharibu kisha. Kwa hiyo mwaka 1979 walifunika Site G kwa mchanga wa mto. Lakini ndani ya mchanga mulikuwa mbegu za miti ya miiba. Zikaota! Mizizi ikaanza kushuka upande wa nyayo. Katika miaka 1995 na 1996 watu wa Tanzania pamoja na taasisi ya Getty ya Marekani walifunua tena, wakaondoa miti na mizizi kwa uangalifu, wakapima na kupiga picha, kisha wakafunika upya kwa vitambaa vya kuzuia mizizi, mchanga na mawe. Kwa hiyo mtu akienda leo Laetoli hawezi kuona zote wazi. Kulinda kunaweza kuwa kuficha.

Na sisi? Karibu na mto Semliki, pale Ishango, Jean de Heinzelin alichimbua mwaka 1950 akapata vyombo vya mifupa vya wavuvi wa kale, na ule mfupa wenye mistari ya kuhesabu ambao watu wa hesabu wanaujua duniani pote. Inchi yetu iko na kurasa zake. Basi ukiona katika mtaro, mtoni ao shambani jiwe lenye umbo la mfupa ao la unyayo, usilipige nyundo, usilibebe kwa kuonyesha marafiki. Andika pahali, chora, mwite mwalimu. Kitu kilichotolewa pahali pake kimepoteza nusu ya habari yake. Na unyayo uliotolewa pahali pake ni karibu bure.

KAZI YA MIKONO (kwa kalasi ya tatu mpaka ya tano)

1. Changanyeni majivu ya jikoni, udongo na maji kidogo juu ya ubao wa metre mbili. Mmoja atembee, mwingine akimbie, wa tatu abebe ndoo ya maji. Pimeni urefu wa hatua na kina cha kisigino. Wenzenu ambao hawakutazama wasome nani alifanya nini. Hesabuni mara ngapi walikosa!

2. Pimeni unyayo wa wanafunzi kumi, na urefu wa mwili wa kila mmoja. Gawanyeni unyayo kwa urefu. Kwa watu wa leo jibu linakaribia 0,15. Sasa hesabuni: mwenye unyayo wa santimetre 18 alikuwa na urefu gani? (Mutapata santimetre 120.) Kisha toeni sababu moja inayoweza kufanya hesabu hiyo ikose.

MAULIZO

1. Taja mambo mane yanayohitajika ili unyayo udumu.
2. Kwa nini alama za matone ya mvua zinaonyesha mvua ndogo, si mvua kubwa?
3. Kukosekana kwa kiboko kunafundisha nini? Ni wakati gani ushuhuda wa namna hii hautoshi?
4. Linganisha njia ya gorila na nyayo za Site G.
5. Katika habari ya Site A, ni nini kilichobadilika, na ni nini ambacho hakikubadilika?

Majibu yaletwe kwangu kabla ya Jumamosi, yameandikwa kwa biki, si kwa kreyo. Jibu la tano ndilo nitakalolisoma kwanza.

Kapita wa wanafunzi, kalasi ya sita